Mbinu za kugundua maambukizi ya damu kwa mgonjwa wa ICU

Kabla hujaandika ombi la kipimo chochote, jiulize: majibu yakirudi, nitabadilisha nini kwa mgonjwa huyu? Kama hutabadilisha kitu, usimtoboe. Kama utabadilisha, endelea. PCT, CRP, lakteti na FBP vinakusaidia sana ICU, mradi ujue kila kimoja kinajibu swali gani na kinanyamaza wapi.

Haya ni ya daktari wa zamu, ya daktari wa mafunzo kwa vitendo, na ya muuguzi anayekesha pembeni ya kitanda. Mgonjwa wenu ana mrija wa mshipa mkubwa shingoni, bomba la hewa kooni, mpira wa mkojo. Kila kimoja ni njia ya bakteria kuingia mwilini na kufika kwenye damu. Papo hapo ana sababu nyingine chungu nzima za kupanda joto: upasuaji, ajali, kuungua, damu aliyoongezewa, malaria. Unatakiwa kutenganisha, tena haraka. Makadirio yaliyochapishwa 2020 yanasema mwaka 2017 watu milioni 11 duniani walikufa kwa sababu zinazohusiana na sepsisi, na wengi wao walikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao ni wagonjwa wetu.

Nikupe msimamo wangu mapema. Usitumie viashiria vya damu kuamua uanze antibiotiki lini. Vitumie kujua mgonjwa anaelekea wapi, na lini usimamishe dawa. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni utaratibu.

Otesha damu kwanza

Hakuna kiashiria kinachokutajia jina la bakteria. Kuotesha damu ndiko kunakomtaja, na ndiko kunakokuonyesha dawa gani inamweza. Siku unayoshuku maambukizi, chupa za kuotesha zitangulie. PCT ifuate.

Chukua damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Utafiti uliofanyika Canada na Marekani na kuchapishwa 2019 ulitoa damu kwa wagonjwa wale wale kabla ya dawa na baada ya dawa. Kabla, vimelea viliota kwa asilimia 31.4 ya wagonjwa. Ndani ya saa mbili baada ya dawa, viliota kwa asilimia 19.4 tu. Dozi moja inatosha kukufichia mhalifu.

Chukua seti mbili, kutoka sehemu mbili tofauti. Seti moja peke yake inaweza kukosa takriban robo ya maambukizi. Kama hospitali yenu inatoa chupa moja moja, omba mbili na utoboe mara mbili.

Jaza chupa. Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kila chupa. Kwa mtoto fuata uzito wake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu mzima mwenye bakteria kwenye damu mara nyingi ana wachache mno katika kila mililita, pengine chini ya mmoja. Ukitia mililita mbili, unaweza kurudishiwa jibu la "hakuna kilichoota" wakati mgonjwa amejaa maambukizi.

Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, sugua sekunde 30, kisha iache ikauke yenyewe. Usipepee. Usipulize. Usirudishe kidole kupapasa mshipa ukishasafisha. Ukilazimika, vaa glavu tasa. Pangusa na mdomo wa chupa kwa spiriti, maana kifuniko kile cha juu kinazuia vumbi tu.

Usichukue damu kwenye mkono unaopokea dripu. Usichukue kwenye kanula iliyokaa tangu juzi.

Kama unashuku mrija wa shingoni, toa damu kwenye mrija na kwenye mshipa wa mkono kwa wakati mmoja, ujazo sawa. Andika kwenye kila lebo mahali ulipotoa na saa. Kisha muulize mtaalamu wa maabara swali moja: chupa ipi ilianza kutoa ishara? Maabara yenye mashine ya kuotesha huonyesha muda. Chupa ya mrija ikitangulia ile ya mkono kwa saa mbili au zaidi, mrija ndio chanzo.

Chupa isiingie kwenye friji. Ipeleke maabara mapema, na ikilazimika kusubiri ikae kwenye joto la chumba.

Majibu yakirudi, soma jina kwa makini. Staphylococcus epidermidis kwenye chupa moja tu kati ya kadhaa mara nyingi ametoka kwenye ngozi. Lakini Staphylococcus aureus, E. coli, Klebsiella au Candida, hata kwenye chupa moja, mchukulie kuwa ni wa kweli na uchukue hatua.

Mgonjwa wa mshtuko hasubiri namba

Presha imeshuka, amechanganyikiwa, mkojo umekauka, na unashuku maambukizi. Toa damu ya kuotesha, toa antibiotiki, vyote ndani ya saa moja. Ndivyo mwongozo wa Surviving Sepsis Campaign wa 2021 unavyoagiza. Mshipa ukikataa na dakika zinakwenda, dawa isisubiri chupa.

Kama hayuko kwenye mshtuko na huna uhakika, mwongozo huo huo unakupa hadi saa tatu za kuchunguza. Mchunguze mwili mzima, piga picha ya kifua, pima mkojo, angalia viashiria. Saa tatu zikiisha na bado una wasiwasi, toa dawa.

Lakteti ipime hapa hapa mwanzoni. Haikuambii kama kuna bakteria. Inakuambia kama mwili uko kwenye shida. Ikizidi milimoli 2 kwa lita, kaa macho. Ikifika 4, chukulia ni dharura hata kama presha inaonekana nzuri. Rudia baada ya saa mbili hadi nne uone kama inashuka.

Sampuli ya lakteti ina masharti yake. Usifunge mpira mkononi muda mrefu wala kumwambia mgonjwa akunje ngumi mara kwa mara. Ipime ndani ya dakika 15. La sivyo tumia kichupa cha kijivu chenye floraidi na uiweke kwenye barafu. Damu iliyokaa mezani inaendelea kutengeneza lakteti, na utaanza kutibu namba ya mezani.

Kumbuka pia vinavyoipandisha bila maambukizi: degedege lililopita muda si mrefu, adrenalini, salbutamoli ya kuvuta nyingi, ini lililochoka, metifomini kwa mgonjwa wa figo.

Huna mashine ya lakteti? Tumia kidole. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa sekunde 10 hadi iwe nyeupe, achia, hesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa Amerika Kusini, uliochapishwa 2019, ulilinganisha njia hii na kufuata lakteti, na waliofuata kidole hawakufanya vibaya kuliko wenzao. Njia hii ni bure na inarudiwa kila nusu saa.

Kwa mtoto, lakteti ya juu isikusukume kumimina maji ya dripu kwa kasi. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba watoto waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Ni ushahidi wa kwetu, kwa watoto wetu. Uheshimu.

PCT: fuata mwendo wake

PCT, yaani prokalsitonini, kwa kawaida iko kidogo sana kwenye damu. Bakteria wakivamia, viungo vingi vya mwili huanza kuimwaga. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo mwaka 1993, na tangu hapo imekuwa kiashiria kinachotumika zaidi ICU pamoja na CRP.

Shika muda wake. Huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni kati ya saa 12 na 24, na chanzo kikidhibitiwa hushuka kwa nusu kila siku. Maana yake kwako: kama joto limepanda saa moja iliyopita na PCT ni ndogo, hujajibiwa bado. Rudia baada ya saa 6 hadi 12.

Namba za kushika kichwani ni hizi, kwa nanogramu kwa mililita. Chini ya 0.1 ni kawaida. Kwa mgonjwa wa ICU, 0.5 ndiyo mstari tunaoutazama. Juu ya 2, sepsisi ina uwezekano mkubwa. Juu ya 10, mara nyingi hali ni mbaya na viungo vimeanza kuumia. Bakteria wa gramu hasi, kama E. coli na Klebsiella, kwa kawaida huipandisha zaidi kuliko wa gramu chanya.

Sasa usiishie kwenye namba moja. Tuseme mama wa miaka 54 amefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Kesho yake asubuhi PCT ni 6.2. Siku ya pili 3.1, ya tatu 1.6. Inakatika nusu kwa nusu: hiyo ni athari ya upasuaji wenyewe, inaondoka kama inavyotakiwa. Siku ya nne inaruka hadi 7.8. Hapo kuna jambo jipya, hata kama joto lake ni 37.4 na anasema hajambo. Fungua bandeji, kagua tumbo, tuma damu ya kuotesha, muite daktari wa upasuaji. Ungepima siku ya kwanza na ya nne tu, ungeona 6.2 na 7.8 ukasema hajabadilika.

Kwa hiyo pima siku ya kwanza anapoingia ICU au unaposhuku maambukizi, halafu kila siku au kila baada ya siku moja. Saa ile ile. Maabara ile ile, mashine ile ile, kwa sababu mashine tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti kwa damu moja. Chora grafu kwenye karatasi ya mbele ya faili, kalamu na rula vinatosha. Kwenye raundi, mstari unaopanda unaonekana kabla hata hujamaliza kusoma historia.

Kipimo hiki ni ghali, na mara nyingi ndugu ndio wanaolipa. Waeleze kabla: "Mama, tutapima leo, kesho kutwa, na siku ya tano, ili tujue dawa zinafanya kazi na lini tuziache." Wakijua utaratibu watajipanga. Na kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, binafsi ningeipeleka kwenye kuotesha damu.

Jua vinavyopandisha PCT bila bakteria: upasuaji mkubwa, ajali kubwa, kuungua, moyo uliosimama ukarudishwa, mshtuko wa moyo kushindwa kusukuma damu, kiharusi cha joto, figo zilizokufa siku nyingi, saratani ya aina ya medula ya tezi ya shingo. Mtoto mchanga wa siku mbili za kwanza huwa nayo juu kwa kawaida. Usimsome kwa viwango vya mtu mzima.

Na jua inapokaa chini wakati hatari ipo: usaha uliozibwa mahali pamoja, moyo wenye maambukizi ya vali yanayokwenda polepole, fangasi, kifua kikuu. PCT ya 0.3 kwa mgonjwa anayezidiwa isikutulize.

Denmark walijaribu kwenda mbali zaidi. Kwenye utafiti wa PASS, uliochapishwa 2011, madaktari waliongeza uchunguzi na antibiotiki kali kila PCT ilipopanda. Vifo havikupungua. Wagonjwa walikaa ICU muda mrefu zaidi na viungo vyao viliumia zaidi. PCT ikipanda, kazi ya kwanza ni kutafuta chanzo. Usikimbilie kuongeza dawa juu ya dawa.

Kama una CRP tu

Hospitali nyingi zina CRP na hazina PCT. Usikate tamaa. CRP inatengenezwa na ini, ni nafuu, na mwendo wake unasomeka. Tatizo lake ni upole: huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, hufika kileleni siku ya pili, na hushuka taratibu kuliko PCT kwa sababu uvimbe wowote huiendeleza.

Ipime kila siku au kila baada ya siku moja, asubuhi. Unachotafuta ni kushuka. Mgonjwa aliyeanza antibiotiki sahihi na chanzo kikaondolewa, CRP yake siku ya nne inatakiwa iwe imeanguka wazi. Ikibaki pale pale au ikipanda, jiulize mambo mawili: dawa si sahihi, au kuna usaha haujatolewa.

Baada ya upasuaji wa utumbo, CRP hupanda kwa kila mtu siku ya pili au ya tatu. Ikibaki juu ya miligramu 150 kwa lita kati ya siku ya tatu na ya tano, fikiria mshono unaovuja, hata kabla tumbo halijawa gumu.

Ini likishindwa, CRP haipandi inavyostahili. Steroidi huipunguza. Tosilizumabu huizima kabisa, na kwa mgonjwa aliyepewa dawa hiyo usiitumie.

FBP na sukari

Usiidharau FBP kwa sababu umeizoea. Chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000 kwa mikrolita zote ni ishara. Mimi naogopa zaidi zinaposhuka: mgonjwa mgonjwa kweli mwenye chembe 2,500 ananiharakisha kuliko mwenye 18,000. Kumbuka steroidi hupandisha chembe nyeupe bila maambukizi, kwa hiyo angalia karatasi ya dawa kabla ya kushtuka.

Kisha teremsha macho hadi kwenye chembe sahani. Wengi wanaziruka. Zikiwa 260,000 juzi, 190,000 jana na 120,000 leo, mwili uko vitani. Malaria na heparini navyo huzishusha, kwa hiyo viondoe kwanza kwenye orodha.

Muuguzi, wewe una kiashiria kinachotangulia vyote hivi: sukari ya kidole. Mgonjwa aliyekuwa akikaa 8 kwa insulini ile ile, ghafla yuko 15 na kila saa unaongeza dozi, anakuambia kitu. Vivyo hivyo anayeanguka hadi 3 bila sababu. Usiandike tu kwenye chati ukaendelea. Mwambie daktari: "Dokta, sukari ya kitanda cha nne imebadilika tangu alfajiri, naomba tumwangalie kwa maambukizi." Sema hivyo hivyo, kwa sentensi nzima. Sukari ikitajwa peke yake hurekebishwa kwa insulini na mazungumzo yanaishia hapo.

Mitego ya huku kwetu

Malaria kali hupandisha PCT na CRP vizuri kabisa, wakati mwingine juu sana. Kila mgonjwa wa ICU mwenye homa apimwe malaria, hata kama aliingia kwa ajali ya bodaboda. Lakini angalia: kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo omba na hadubini, uone wadudu kwa macho na wingi wao.

Ukikuta malaria, usifunge faili. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa na bakteria kwenye damu wakati huo huo, hasa Salmonella isiyo ya taifodi. WHO inashauri mtoto mwenye malaria kali apewe antibiotiki pamoja na atesuneti ya sindano. Hapo PCT haikutenganishii. Otesha damu na utibu vyote viwili.

Mgonjwa mwenye VVU na kinga iliyoshuka ni habari nyingine. Kifua kikuu kinaweza kuwa ndani ya damu yenyewe, na PCT ikawa ya wastani tu. Omba kipimo cha mkojo cha LAM. Omba na antijeni ya kriptokoka kwenye damu. Majibu hutoka siku hiyo hiyo, na ndiyo yanayobadilisha matibabu.

Fangasi nao wana tabia yao. Mgonjwa aliyekaa ICU wiki mbili, analishwa kwa mshipa, ametumia antibiotiki tatu, joto halishuki, PCT iko 0.8 na haisogei. Fikiria Candida. Omba kuotesha damu tena na umwambie mtaalamu wa maabara unachokishuku.

Kuna vingine utavisikia kwenye semina: presepsini, interlukini 6, na upana wa ujazo wa monositi unaotoka kwenye baadhi ya mashine mpya za FBP. Kama maabara yenu inavyo, vijifunze. Kama haina, hujakosa kitu cha kukuzuia kutibu vizuri.

Kusimamisha antibiotiki

Hapa ndipo PCT inaporudisha fedha yake. Hesabu ni rahisi: chukua PCT ya juu kabisa aliyowahi kufika, zidisha kwa 0.2. Kama kilele kilikuwa 20, lengo lako ni 4. Ikishuka hadi hapo, yaani imepungua kwa asilimia 80, au ikifika 0.5 au chini, na mgonjwa anaonekana ametulia, leta hoja ya kusimamisha dawa kwenye raundi.

Uholanzi walifanya hivyo kwenye utafiti wa SAPS, uliochapishwa 2016. Wagonjwa waliofuata PCT walitumia antibiotiki siku 5 badala ya 7, na vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 20 dhidi ya 25. Uingereza nao, kwenye ADAPT-Sepsis, walifuatilia wagonjwa zaidi ya 2,700: kupima PCT kila siku kulifupisha matibabu bila kuongeza vifo. CRP kwenye utafiti huo haikufupisha.

Siku mbili unazookoa si ndogo. Ni meropenemu ambayo ndugu hawatatumwa kuinunua, na ni usugu wa dawa unaouzuia wodini kwako.

Lakini kuna wagonjwa ambao PCT haina mamlaka juu yao. Staphylococcus aureus kwenye damu anahitaji angalau siku 14 za dawa, kuanzia siku damu iliyooteshwa ilipoacha kuota bakteria, hata PCT ikiwa 0.1. Candida vivyo hivyo. Vali ya moyo, mfupa, na usaha usiotolewa vina muda wake mrefu. Andika kwa kalamu nyekundu kwenye faili la mgonjwa wa namna hiyo: muda wa dawa hautegemei PCT.

Isiposhuka

Siku ya nne, PCT ilitakiwa iwe chini ya robo ya kilele, na bado iko nusu. Utafiti wa MOSES wa Marekani, uliochapishwa 2017, uliona kwamba wagonjwa ambao PCT yao haikupungua kwa asilimia 80 kufikia siku ya nne walikufa mara mbili zaidi ya wenzao. Chukulia ni amri ya kutafuta.

Anza juu, shuka chini. Fungua kila bandeji. Tazama tundu la mrija wa shingoni, bonyeza pembeni. Sikiliza kifua, tazama rangi ya makohozi unayofyonza. Geuza mgonjwa uone mgongo na makalio. Vidonda vya kulalia hujificha hapo. Kagua mpira wa mkojo. Weka mashine ya ultrasaundi tumboni utafute usaha, figo iliyoziba, kifuko cha nyongo kilichovimba. Kama alitoka thieta, daktari aliyempasua aje mwenyewe kumwangalia.

Halafu rudi kwenye karatasi ya dawa. Dozi inatosha uzito wake? Figo zimebadilika tangu ulipoiandika? Majibu ya kuotesha yamerudi na yako kwenye meza ya nani? Piga simu maabara usikie mwenyewe. Wakati mwingine jina la bakteria limeshajulikana tangu asubuhi.

Ukikuta mrija wa shingoni una usaha, utoe. Usipitishe mpya kwenye tundu lile lile; tafuta upande mwingine. Toa damu nyingine ya kuotesha kutoka mshipa wa mkono, badilisha dawa kama maabara imekuonyesha sababu, na uandike kwenye chati PCT ya kesho asubuhi, saa ile ile uliyopima leo.